Shangazi Ameonja, Amesema Nzuri

Siku ya kumi na mbili ya kuumwa kichwa, Anatolia alisimama mbele ya kioo cha bafuni kwake, mtaa wa Bakoba mjini Bukoba, akajaribu kukunja uso.

Hasira alikuwa nazo, tena za kumtosha yeye na nyingine za kugawia majirani. Alichokosa ni uso wa kuzibebea. Ule uso wake wa siku zote, nyusi zinashuka na ndita mbili zinasimama katikati, uso ambao wenye kahawa mbovu waliuogopa kwa miaka ishirini na sita, aliuita na haukuja. Kwenye kioo alikuwamo mama wa miaka hamsini na moja mwenye paji laini kama yai lililomenywa, ametulia, anaonekana anasubiri kuletewa chai. Na ndani ya paji hilo hilo kichwa kilikuwa kinagonga tangu alfajiri.

"Mjinga wewe," aliuambia uso. Uso haukujali.

Tuseme mambo kama yalivyo, maana Anatolia mwenyewe alichelewa kuyasema na ndiyo maana yalifika yalikofika. Alikuwa amechomwa sindano za kunyoosha makunyanzi. Sindano saba ndogo za paji la uso, kwenye saluni moja ya mtaa wa Bilele, na aliyemchoma alikuwa Benadetha, msusi hodari sana wa nywele ambaye baada ya semina ya wiki mbili alirudi Bukoba akitaka kuitwa Dokta Bena. Watu wakamwita. Sisi tunapenda vyeo, hata vya mtu aliyejipa mwenyewe.

Sasa mtu atauliza, Anatolia na urembo wapi na wapi? Mwanamke asiyepaka hata rangi ya kucha? Jibu ni Joanitha, binti wa kaka yake Projestus wa Muleba. Mama yake, Dativa, alifariki binti akiwa kidato cha pili, na tangu hapo shangazi ndiye aliyekuwa mama. Joanitha alirithi kwa Dativa vitu viwili: ndita moja ya kusimama katikati ya nyusi, na kipandauso. Kipandauso cha kweli, cha kufungiwa mapazia mchana, cha kutapika, cha kuomba hata kuku wanyamaze. Na ndita ilizidi kuchimbika kwa sababu ya kipandauso, maana mtu anayekaa miaka kumi na mitatu akikwepa mwanga lazima uso ujikunje. Ndita ile ilikuwa ya Dativa mtupu. Anatolia alipoiona alikuwa anamwona wifi yake.

Siku ambayo upande wa mume ulikuja kujitambulisha Muleba, shangazi wa bwana harusi, mama mmoja wa Kanazi anaitwa Judica, alipokea mbegu za kahawa za kutafuna, akamtazama Joanitha aliyepiga magoti mbele yake, akasema mbele ya watu wote, "Mkamwana mzuri, waitu. Ila mbona ana ndita? Atakuwa na hasira huyu." Watu wakacheka. Joanitha akacheka pia. Jioni yake akaanza kujitazama kwenye simu, na hakuacha tena.

Wiki tatu kabla ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, akamwambia shangazi yake kwamba ameshaongea na Dokta Bena. Anatolia aligomba, akagomba, akachoka kugomba. Akasema neno moja, na neno hilo ndilo lililomponza.

"Basi hutachomwa kitu ambacho mimi sijakionja."

Kwetu anayemkaribisha mgeni pombe hunywa kwanza yeye, mgeni akiona, ndipo anampa. Kutoa uchawi, ndivyo inavyoitwa. Akishakunywa na akasema nzuri, neno limekwisha, mgeni anakunywa kwa amani. Na kwa Anatolia jambo hili lilikuwa mara mbili, kwa sababu kuonja ndiyo kazi yake. Alikuwa mwonjaji wa kahawa kwenye kiwanda cha kukoboa pale mjini. Alisomeshwa Moshi, akarudi na kijiko chake, na tangu hapo akisema imepita, imepita. Akisema haikupita, magunia yanarudi yalikotoka hata kama ni ya shemeji wa meneja. Alishawahi kurudisha kahawa ya kaka yake mwenyewe, Projestus, kwa sababu ya harufu ya ukungu, na wakanuniana mwaka mzima.

Jumamosi ile walikwenda wote wawili saluni. Anatolia aliketi kwenye kiti cha kuoshea nywele. Kichupa kilitolewa kwenye friji, kati ya chupa za soda, na karatasi yake ya maelezo ilikuwa imebanduka.

"Kina madhara gani?" Anatolia aliuliza.

"Madhara yatoke wapi, mama? Huko nje wenzako wanachoma saa ya chai, wanarudi ofisini."

"Mimi nina kipandauso," Joanitha akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo kwanza inakufaa! Ulaya hii ndiyo dawa ya kipandauso. Kafungue mtandao usome."

Hakuuliza kingine. Hakuuliza Anatolia anakunywa dawa gani, ana ugonjwa gani. Alivaa glovu, akachoma, dakika kumi, akamwambia asilale kifudifudi. Jioni kichwa kikaanza.

Hapa sasa ndipo penye kosa, na Anatolia hakuwa na wa kumsingizia. Mwonjaji wa kahawa haonji mara moja. Kikombe unakionja kikiwa cha moto, unakionja kikiwa vuguvugu, kisha unakiacha mpaka kipoe kabisa ndipo unakionja tena, kwa sababu kahawa mbovu hujificha kwenye moto. Chachu, ukungu, udongo, vyote hutokeza kikombe kikipoa. Vijana wangapi amewafokea kwa kuandika jibu mvuke bado unapanda! Wangapi amewaambia warudi kwao wakalime maharage!

Kesho yake mchana Joanitha alipiga simu. "Shangazi, vipi?"

Anatolia alikuwa amejilaza kochini na kitambaa cha maji baridi juu ya macho. Alidhani ni malaria. Alidhani ni njaa ya kufunga kabla ya misa. Alidhani, na tuseme kweli, kwamba mwanamke wa umri wake hawezi kuanza kulialia kwa sababu ya sindano ambayo wasichana wanachoma saa ya chai. Akajikaza kisabuni.

"Nzuri tu," akasema.

Siku ya tano ndita zikalala, na kiwandani wakaanza. Mama, umerudi usichana! Mama, umeolewa tena bila kutualika? Wakamuuliza imekuwaje, akasema ni sindano, wakamuuliza nzuri, akasema nzuri. Kwenye jumuiya wakamuuliza, akasema nzuri. Kichwa kinagonga, mdomo unasema nzuri. Siku ya nane alishika kijiko akaonja vikombe kumi na viwili asiweze kutofautisha kimoja na kingine, kwa sababu ya maumivu. Akamwambia meneja kwamba anaumwa sana. Meneja akamtazama usoni.

"Unaumwa wapi, mama, na sura inang'aa hivyo?"

Hakuna aliyemwamini. Kumbe sisi binadamu hatusikii maumivu ya mwenzetu, tunayatazama tu usoni, na yeye uso alikuwa ameuzima. Alipimwa malaria kwenye duka la dawa, haikuonekana. Akanywa panado, akanywa dawa ya mseto hivyo hivyo, haikusaidia kitu.

Ndiyo hiyo asubuhi ya siku ya kumi na mbili, Alhamisi, alipotoka mbele ya kioo akaenda moja kwa moja zahanati kwa daktari Hafidhi.

Hafidhi alimpima presha, akamwangalia macho, akamwambia ameze mate, akamwambia akunje uso. Uso haukukunjika. Daktari akaweka kalamu chini.

"Mama Anatolia, umechoma nini kwenye paji?"

Alitaka kukana. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akalimeza, akasema yote, kuanzia friji ya soda.

"Kichwa kuuma baada ya sindano hizi ni jambo linalojulikana," Hafidhi alisema. "Si siri. Mara nyingi huisha siku mbili tatu, na wachache wanaumwa wiki kadhaa, kama wewe. Anayechoma anatakiwa akuambie kabla, wewe ndiye uchague."

"Hakuniambia."

"Na anatakiwa aulize historia yako."

"Hakuuliza. Alisema ni dawa ya kipandauso."

Daktari akakuna kidevu. "Ni kweli inatumika kwa kipandauso. Lakini na madaktari bingwa, kwa vipimo vyake, kwenye sehemu zake, na dawa inajulikana imetoka wapi. Hiyo ya kwenu hata hatujui kulikuwa na nini ndani ya kichupa. Ukiona kope zinaanguka, au unashindwa kumeza, au pumzi inakuwa nzito, usisubiri, uje hapa mbio."

Kitu kilichomuudhi Anatolia kuliko vyote ni hicho, kwamba Bena hakusema uongo mtupu. Uongo mtupu angeunusa. Alipewa nusu ya ukweli, iliyooshwa na kupakwa mafuta, na yeye mwenye pua ya kiwanda kizima hakunusa kitu. Aliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia akalibeba mwenyewe.

Joanitha alikuwa amepangiwa Jumamosi, keshokutwa yake. Anatolia alimpigia simu akiwa bado kwenye ngazi za zahanati. Simu imezimwa. Akapiga saa saba, imezimwa. Saa kumi, imezimwa. Akampigia kaka yake, naye akasema binti yupo ndani, amejipumzisha, mambo ya maharusi. Basi, Anatolia akawaza, kesho asubuhi nakwenda kwa Bena nifute hiyo miadi kwa mkono wangu.

Ijumaa saa tatu aliingia saluni ya Bilele. Kwenye benchi la kusubiria walikuwa wameketi wanawake watatu, wawili wa kamati ya sendofu na mmoja wa jumuiya yake mwenyewe. Walipomwona wakafurahi.

"Huyo! Mwenyewe huyo!"

"Tumesikia umepitisha, Mama Anatolia. Tukasema kama ni wewe umeonja, sisi ni nani?"

Mmoja akamwonyesha simu. Bena alikuwa ameweka picha ya Anatolia kwenye mtandao, ile aliyompiga siku ya kwanza akidai ni ya kumbukumbu, na chini yake maneno: Mwonjaji wetu wa kahawa ameonja na hii. Imepita.

Anatolia aliisoma mara mbili. Damu ilimpanda mpaka masikioni, na kila ilipopiga, kichwa kilijibu. Miaka ishirini na sita hakupokea hata kilo ya sukari kutoka kwa mwenye kahawa, asije akasemwa. Na sasa neno lake lilikuwa linauzwa Bilele.

"Toa hiyo picha," alisema.

Bena alitokea nyuma ya pazia akitabasamu. "Mama yangu! Umependeza! Sasa mbona—"

"Toa picha. Mimi naumwa kichwa siku ya kumi na tatu leo. Sikulala, sili, kazi siwezi. Uliniambia hakuna madhara."

"Mama, kichwa ni kichwa tu. Kila mtu anaumwa kichwa. Kunywa maji mengi."

"Ulikuwa unajua?"

"Nijue nini?"

"Kwamba kinaweza kuuma hivi. Kwenye hiyo semina yako walikufundisha au hawakukufundisha?"

Bena alitazama wateja wake, akashusha sauti. "Mama, ukianza kuwaambia watu kichwa, kichwa, nani atachoma?"

Basi alikuwa anajua. Anatolia alitamani sana uso wake kwa wakati ule. Angempa Bena ndita zote mbili, angemtazama mpaka akatafuta mlango. Badala yake alisimama pale na ule utulivu wa kununuliwa, na wanawake wa benchini wakamtazama wasijue kama anagombana au anatania. Mmoja hata alikuwa anacheka.

"Nimefoka!" Anatolia akawaambia. "Mnanisikia? Hapa nimefoka! Mimi nilisema nzuri, na si nzuri. Nimekosea. Nendeni nyumbani."

Wawili wakainuka. Wa tatu akabaki, akishika mkoba wake kwa mikono miwili, anasikitika kupoteza zamu.

"Na Joanitha futa jina lake," Anatolia alimwambia Bena. "Kesho haji."

"Joanitha?" Bena alishangaa kwa dhati. "Joanitha nilimchoma juzi Jumatano. Dawa inachukua siku kukolea, nikaona tusichelewe. Hakukwambia?"

Anatolia alitoka nje, akasimama kwenye jua, na jua likamwingia machoni kama pilipili.

Akapanda gari la Muleba. Alishukia barabarani, akapita njia ya kibanja cha kaka yake, katikati ya migomba, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudai. Lakini anadai nini, na kwa nani? Projestus alikuwa uani na mafundi wa maturubai. Alimnyooshea kidole mlango wa chumba cha binti.

Mapazia yalikuwa yamefungwa, na kanga imetundikwa juu ya mapazia. Joanitha alikuwa amelala chali, kichwa kimefungwa kitambaa, ndoo pembeni.

"Unaumwa," Anatolia alisema.

"Kidogo tu, shangazi."

"Usiniambie kidogo!" Alijisikia sauti yake inavyopanda, akaishusha kwa sababu ya kichwa cha binti, na cha kwake. "Usiniambie kidogo, mwanangu. Tangu lini?"

"Tangu ile jioni. Si kama kile cha siku zote. Hiki kimebana hapa mbele, kisha kile cha siku zote kikaja juu yake." Akapumua. "Nilizima simu ili usijue. Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilikupigia, shangazi. Ulisema nzuri. Nikasema basi, kama yeye hakuumwa, hii ni mimi na ugonjwa wangu."

Anatolia aliketi ukingoni mwa kitanda. Binti alipokuwa anasema, ndita ya Dativa ilisogea katikati ya nyusi, kidogo tu, kwa shida, kwa sababu dawa ilikuwa bado haijamaliza kazi yake. Anatolia aliitazama akijua kwamba baada ya siku mbili tatu itazimwa kwa miezi, na kwamba aliyefungua mlango ni yeye.

"Mimi naumwa kichwa tangu siku ile ile," akasema. "Nilikudanganya. Nilijifanya mwanamume."

Joanitha alifumbua jicho moja. "Tangu siku ile?"

"Tangu jioni ile."

"Na ukasema nzuri."

"Nikasema nzuri."

Binti akafumba jicho. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Aligeukia ukutani tu, na Anatolia akabaki ameketi pale na hasira yake, na sasa haikuwa na Bena wala Judica wa kumwangukia.

Siku hiyo hiyo alimpeleka kwa Hafidhi. Akapimwa, akapewa dawa ya maumivu anayoiweza, akaambiwa dalili za kuogopa na kwamba lililobaki ni kusubiri. Hafidhi aliandika taarifa kwa wakubwa wake, na Anatolia akaandika yake, kurasa mbili, bila kujificha. Wiki ikapita. Maumivu ya binti yalipungua kidogo, yakarudi, yakapungua. Kuahirisha sendofu Projestus hakutaka hata kusikia; ng'ombe ameshanunuliwa, kadi zimeshatoka.

Jumamosi ya sendofu maturubai yalijaa. Spika mbili kubwa ziliwekwa karibu kabisa na meza ya bibi harusi, na kila ngoma ilipopigwa Anatolia aliona vidole vya Joanitha vikishika ukingo wa meza. Uso wa binti ulikuwa umenyooka, umepakwa vipodozi, hauna hata alama. Watu walipita wakipiga picha. Umependeza, Joanitha! Umetulia kweli! Judica alikuja na wageni wa Kanazi, akamshika kidevu, akasema kwa sauti, "Sasa ndiyo uso wa mke. Ile hasira mmeipeleka wapi?" Akacheka tena kama siku ile.

Anatolia alimsikia. Alikuwa amebeba kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, maana zamu ilikuwa imefika, shangazi wa binti kumkaribisha shangazi wa bwana harusi. Alipiga magoti mbele ya Judica kama inavyopasa. Mshereheshaji, Kashaija, akamsogezea kipaza sauti, watu wakanyamaza. Anatolia akanywa funda moja. Akakaa nalo mdomoni muda mrefu kuliko kawaida, na watu wa kiwandani waliokuwapo wakacheka, wakijua tabia yake.

"Nzuri, Mama?" Kashaija aliuliza.

"Rubisi ni nzuri," Anatolia alisema. "Nimeinywa, uchawi nimeutoa, kunyweni kwa amani." Vigelegele vikapanda. Hakutoa kibuyu. "Lakini kuna kitu kingine nilikionja nikawaambia nzuri, na si nzuri."

Wengine walicheka wakingoja utani. Projestus hakucheka. "Anatolia," alisema kwa sauti ya chini, "leo?"

"Leo. Juzi nilinyamaza, jana nilinyamaza. Nilichoma sindano ya uso, na nimeumwa kichwa wiki tatu. Niliulizwa na watu wengi humu, nikasema nzuri, kwa sababu niliona aibu. Huyu mtoto aliniamini. Sasa hivi amekaa pale, kichwa kinampasuka, na hizo spika, na nyinyi mnasema ametulia. Hajatulia! Anaumwa! Uso umezimwa hauwezi kuwaambia!"

Kicheko kilikuwa bado kinazunguka huku nyuma. Walimtazama, wakaona mama mwenye paji laini amepiga magoti, ametulia, na wakashindwa kuamini maneno.

"Msiutazame uso wangu," Anatolia akasema. "Nisikilizeni. Nimekasirika. Nimemkasirikia aliyetuchoma bila kutuambia. Nimekukasirikia wewe, mama yangu Judica, kwa ile ndita. Ilikuwa ya mama yake. Ndicho alichoachiwa. Na nimejikasirikia mimi kuliko wote."

Judica alikuwa amefungua mdomo. "Mimi nilisema tu," alisema.

"Ulisema tu. Na mimi nilisema tu, nzuri."

Hapo ndipo kicheko cha nyuma kilipokatika. Mmoja wa wale wanawake wa kamati aliinamisha kichwa. Judica alitazama chini, kisha akamtazama Joanitha, kwa mara ya kwanza akimtafuta machoni na si kwenye paji. Machozi ya binti yalikuwa yanateremka kwenye uso usio na mkunjo hata mmoja, na ilikuwa vigumu kuyatazama.

Bwana harusi, Avit, hakuwa mtu wa maneno. Aliinuka, akaenda kwa mpiga muziki, akachomoa waya mwenyewe. Akarudi, akageuza kiti cha Joanitha kikaupa mgongo mwanga. Ndipo Judica akanyoosha mikono miwili, akapokea kibuyu kutoka kwa Anatolia, akanywa.

Sherehe iliisha bila muziki, na Projestus hakumsemesha dada yake mpaka jioni. Wageni wa Kanazi walipoanza kupakia mizigo, Anatolia alikwenda kwenye gari alimokuwa amekaa Joanitha, kioo kimeshushwa nusu.

"Shangazi," binti alisema, "cha kwako kimeisha?"

Ilikuwa hivi: asubuhi ile Anatolia aliamka hakimuumi, mara ya kwanza kwa siku ishirini na moja. Kutwa nzima kilikuwa kimenyamaza, hata wakati wa kupiga kelele. Joanitha alikuwa anamtazama na lile paji lililonyooka, na Anatolia alijua vizuri kabisa ni neno gani binti anataka kusikia, na lilikuwa jepesi kulisema.

"Leo kimenyamaza," akasema. "Sijui kama kimeisha. Nitakupigia kesho nikwambie, na keshokutwa nikwambie tena, na siku ya tatu."

"Hata kama kimerudi?"

"Hata kama kimerudi."

Joanitha akaitikia kwa kichwa, polepole, kwa sababu chake kilikuwa bado kinauma.